Kwa Nini Piriton Hutia Usingizi?

Hapa kwetu Tudor, pua ikiwasha ni Piriton, ukila kamba ukatoka vipele ni Piriton. Lakini muulize mtu inafanya nini mwilini, atakwambia, "Si inakausha mafua!" Basi, kaishia hapo.

Vumbi la mkeka au nyama ya kamba haina neno kwa watu wengi. Mwili wa mwenye mzio, yaani aleji, huviona hivyo kuwa ni adui. Seli fulani zilizomo puani, machoni na ngozini humwaga kemikali iitwayo histamini, nayo hukalia vipokezi vyake kama abiria na kiti. Ikishakaa, mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvuja maji, neva zikawasha. Ndipo chafya zikaanza.

Piriton haiondoi histamini hata chembe. Kazi yake ni kuwahi viti. Matatu ikishajaa, anayekuja nyuma atabaki stejini! Kwa hivyo anayemeza kabla ya kukung'uta mikeka hupata nafuu kuliko anayengoja mpaka macho yamekuwa mekundu.

Sasa huo usingizi. Histamini hiyo hiyo, ikiwa ndani ya ubongo, ndiyo hutusaidia kukaa macho. Piriton ni dawa ya zamani, ya miaka ya 1940, nayo hupenya hadi ubongoni ikakalia viti vya huko pia. Wewe wasinzia darasani, mwalimu adhani ulikesha ukitazama mpira. Setirizini, iliyokuja miaka ya 1980, hupenya kidogo tu. Tena kidonge kimoja cha miligramu 10 humtosha mtu mzima kutwa, ilhali Piriton ya miligramu 4 hurudiwa kila saa 4 hadi 6. Hata hivyo wako ambao setirizini pia huwalaza, kwa hivyo afadhali uijue Jumapili nyumbani, si asubuhi ya karatasi ya hesabu.

Kuna mahali ambapo vidonge hivi vyote havifai kutegemewa. Mwenzenu akila kamba midomo ikafura, koo likabana na pumzi ikawa ya shida, hapo dakika ni chache na kidonge ni cha polepole. Kinachotakikana ni sindano ya adrenalini, ambayo hubana mishipa iliyolegea na kufungua njia za hewa. Msimpe Piriton mkakaa kumtazama jamani. Mkimbizeni hospitali mara moja, na Coast General haiko mbali na hapa.