Nyumba ya Vyumba Sita: Hesabu ya Dalali na Hesabu Yako

Tangu mabasi yaendayo haraka yaanze safari katika Barabara ya Morogoro mwaka 2016, nyumba kongwe za Magomeni, Dar es Salaam, zinatazamwa kwa jicho jipya. Nyingi ni nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na jiko uani. Kila chumba kina mpangaji wake.

Tuchukue mfano. Nyumba inauzwa Sh. milioni 80 na chumba kinapangishwa Sh. 150,000 kwa mwezi. Dalali atakuambia vyumba sita vinaleta Sh. milioni 10.8 kwa mwaka, yaani asilimia 13.5 ya bei.

Sasa piga hesabu yako. Paa, mabomba, nyaya za umeme na choo vitakula Sh. milioni 20, mtaji umefika milioni 100. Chumba kimoja kikikaa wazi, pato ni milioni 9. Ondoa milioni 2.5 za kodi ya Serikali, kunyonya maji taka na matengenezo. Zinabaki milioni 6.5, sawa na asilimia 6.5.

Ukitaka asilimia 8, mtaji wote usizidi milioni 81. Toa ukarabati: bei ya juu ni milioni 61. Zaidi ya hapo, linganisha kwanza na hatifungani za Serikali.

Kabla ya kulipa, hakiki hati au leseni ya makazi katika ofisi ya ardhi. Pia pata ridhaa ya mwenzi wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya ndoa.