Kebo nyeusi chini ya nyaya za stima: haina shaba, lakini usiiguse

Ukitazama nguzo za stima kando ya barabara, chini kidogo ya nyaya zinazobeba umeme, huenda ukaona kebo nyeusi yenye unene wa kidole. Wapo wanaodhani ni waya wa stima uliofunikwa. Wapo pia wanaodhani ina shaba, na hao ndio huikata usiku. Hiyo ni kebo ya faiba inayojibeba yenyewe, na ndani yake hamna shaba wala chuma.

Kinachosafirisha intaneti na simu ni nyuzi za kioo, kila moja nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kama mwanga. Kioo hakivumilii kuvutwa. Kwa hivyo nyuzi hizo hulazwa zikiwa zimelegea ndani ya vijibomba vya plastiki, na uzito wote hubebwa na nyuzi za manjano ziitwazo aramidi, aina ile ile inayotumika kufuma fulana za kuzuia risasi. Gamba la nje ni polithini iliyotiwa masizi ili jua lisiipasue.

Kwa kuwa haina metali, kebo hii huweza kutundikwa kwenye nguzo zilizopo za Kenya Power bila kuchimba mtaro, na mara nyingi bila kuzima stima, mradi kazi ifanywe na mafundi wenye kibali. Ndiyo maana nguzo hizo zina nafasi kubwa katika mpango wa serikali ya kitaifa wa kutandaza kilomita 100,000 za faiba.

Fundi haikazi kama kamba ya kuanika nguo. Huiacha ibonyee kiasi kati ya nguzo na nguzo, kwani ikikazwa mno huumia, na ikilegea mno lori lililopakia nyasi huinasa. Na lile duara la kebo lililofungwa juu ya nguzo? Si mabaki yaliyosahauliwa. Ni akiba, ili kisanduku cha maungio kiweze kuteremshwa chini na kufanyiwa kazi.

Anayeikata hapati cha kuuza, maana hakuna mnunuzi wa vyuma chakavu anayepima kioo na plastiki. Wanaobaki na hasara ni shule, dispensari na ofisi ya chifu zinazotegemea laini hiyo. Nyuzi za kioo hazisokotwi pamoja kama waya. Kila moja huyeyushwa na kuunganishwa na mwenzake kwa mashine, na kebo moja huweza kuwa na nyuzi 24, 48 au zaidi.

Kebo ikianguka, wakazi wasiikaribie. Yenyewe haibebi umeme, lakini huenda imelalia waya wenye stima, na gamba lililolowa na kushika uchafu huweza kupitisha umeme. Isitoshe, ukiwa chini si rahisi kuitofautisha na waya wa stima uliofunikwa. Waondoeni watoto na mifugo, kisha mpige simu Kenya Power kwa nambari 97771, mkitaja nambari iliyoandikwa kwenye nguzo ikiwa inasomeka kutoka mbali.

Wanaosafisha mashamba nao wasichome majani chini ya laini. Moto usiofika kwenye nyaya za stima huweza kuyeyusha gamba la kebo hii, kwa kuwa ndiyo iliyo chini zaidi.