Kupanda, Kuelezwa na Kuzama: Msamiati wa Merikebu Iliyolala Mbele ya Ngome ya Yesu

Kwenye mteremko wa mwamba ulio mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, katika kina kisichofika mita 20, imelala Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Wareno iliyoundwa Bassein, Uhindi, kwa mbao za msaji. Ilikuja kuwasaidia waliozingirwa na Waomani tangu Machi 1696, ikazama Oktoba 1697. Kati ya miaka ya 1977 na 1980, wazamiaji wa Makavazi ya Taifa ya Kenya na wenzao kutoka Marekani, wakiongozwa na Robin Piercy, waliifukua, kisha wakaufunika mwili wake kwa mchanga usije ukaoza.

Mwanafunzi akisimulia tukio hili aghalabu huandika kwamba meli "iliharibika ikazama". Sarufi haina kasoro, ila kisa kimepotea. Merikebu ilikatika kamba za nanga, ikachukuliwa na maji, ikapanda mwamba na kupoteza usukani. Baadaye ikaelezwa, ikavutwa hadi chini ya ngome, na huko ndiko ilikozama. Chombo "kupanda" mwamba si "kupwelewa": kinachopwelewa kimeachwa na maji yaliyokupwa, nacho hungoja yajae. Ama "eleza", hiyo ni kauli ya kutendesha ya "elea". Wengi hujua maana ya kufafanua tu, ilhali kamusi zinahifadhi pia ile ya kukifanya chombo kielee. Bila ya maana hiyo, sentensi "merikebu ikaelezwa" huwa kichekesho darasani.

Hali kadhalika mzamiaji. Anayejua kutofautisha bamvua na maji mafu anajua siku ambazo mkondo wa mlangoni utampa nafasi ya kufanya kazi. Akifika chini, atahitaji omo, tezi, mkuku na mataruma. Haya si maneno ya kubuniwa na kamati yoyote. Mafundi wa majahazi wa Lamu wanayo, na inasikitisha kuona tasnifu za Kiswahili zikiyakwepa na kutumia "sehemu ya mbele" na "mbavu".

Hata hivyo, msamiati wa jahazi hautoshi. Merikebu hii ilikuwa na safu za mizinga ubavuni, na matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya midomo yake. Jahazi halina kiungo hicho, wala fundi wake hana sababu ya kukipa jina. Hapo ndipo mwanaistilahi anapoweza kuanza kuunda.