Mteja Akuonyeshe Njia: Jaribu Wazo Dogo Kabla ya Kukopa

Wengi wetu tukitaka kukuza biashara tunaanza na pesa. Tunakopa, tunaongeza stoki, kisha tunangoja wateja. Wasipokuja, deni linabaki. Lakini unaweza kuanza na mteja mwenyewe. Huduma ya kutumiana pesa kwa simu hapa Kenya ilikua hivyo.

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu M-PESA Nairobi na Thika pamoja na Faulu Kenya, wakiwa na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa mtu alipe mkopo wake mdogo kwa simu. Lakini watu wakaitumia kivyao. Kuna waliowalipia wenzao mikopo. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawatumia jamaa zao mashambani. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari, wakazitoa walipofika.

Waanzilishi hawakusema wateja wamekosea. Waliweka kando mambo ya mikopo, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wito rahisi: tuma pesa nyumbani.

Wewe pia unaweza kufuata njia hiyo. Tuseme unauza mboga.

1. Tazama, usikisie. Kwa wiki moja, andika kila kitu ambacho mteja ameulizia akakosa. Kisha fungua taarifa ya malipo ya till yako. Pesa nyingi huingia saa ngapi? Ukiona malipo mengi ya shilingi 30 na 50 baada ya saa kumi na mbili jioni, huenda hao ni watu wanaotoka kazini wakiwa wamechoka. (Pesa za biashara zipitie till, zisichanganyike na za nyumbani, la sivyo taarifa hiyo haitakusaidia.)

2. Badilisha swali. Usiulize, "Nitauzaje sukuma zaidi?" Uliza, "Huyu aliyechoka anahitaji nini ili apike haraka?" Labda ni sukuma iliyokatwa tayari, pamoja na nyanya na kitunguu, kwa shilingi 50.

3. Jaribu kidogo. Tayarisha mafungu 10, si 100. Jioni hesabu yaliyobaki.

4. Sikiliza, urekebishe. Yakibaki manne, umekosa mauzo ya shilingi 200 tu. Hilo si deni la kukunyima usingizi. Waulize wateja: bei iko juu? Fungu ni dogo? Wangependa kuagiza mapema? Badilisha kitu kimoja, ujaribu tena kesho. Yakiisha siku kadhaa mfululizo, sasa ongeza.

Mkopo si mbaya. Ubaya ni kukopa kwa sababu ya wazo ambalo hakuna mteja amelinunua bado.

Leo kabla ya kufunga duka, chukua daftari uandike vitu vitatu ambavyo wateja waliulizia ukawa huna. Anzia hapo.