Kurekebisha Ufundishaji Kipindi Kikiendelea: Mfano wa Upatanisho wa Kisarufi

Utangulizi

Andalio la somo ni nguzo muhimu ya kazi ya mwalimu. Ndani yake hubainishwa shabaha, hatua, vifaa na muda utakaotumika. Hata hivyo, andalio huandikwa kabla mwalimu hajajua wanafunzi wake wanaifikiriaje mada inayohusika. Kwa hivyo, hata liwe zuri namna gani, andalio hubaki kuwa makisio. Makala haya yanajadili jinsi mwalimu wa Kiswahili anavyoweza kuyasahihisha makisio hayo kipindi kikiendelea. Mfano unaotumika ni upatanisho wa kisarufi wa nomino zinazoanza kwa KI-, mada inayofahamika na kila aliyepitia shule za Kenya. Hoja kuu ni kwamba kuliona kosa hakutoshi: sharti mwalimu atambue chanzo chake kabla ya kuamua la kufanya.

Udhaifu wa swali la "Mmeelewa?"

Ni desturi ya walimu wengi kuuliza, "Mmeelewa?" na darasa kuitikia kwa pamoja, "Ndiyo!" Itikio hilo halimpi mwalimu habari yoyote ya kutegemewa. Anayeelewa huitikia, asiyeelewa huitikia, na anayeogopa kuchekwa huitikia kwa sauti kuliko wote. Aidha, swali likielekezwa kwa mwanafunzi mmoja, mara nyingi mwalimu hamsubiri. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha kuwa walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi wanafunzi hutoa majibu marefu na yenye hoja.

Njia iliyo bora ni kumpa kila mwanafunzi kazi fupi inayodhihirisha fikra zake. Tuseme mwalimu wa Gredi ya Saba amekwisha kueleza ngeli ya KI-VI kwa dakika 15. Badala ya kuuliza kama wameelewa, anaandika ubaoni nomino mbili, "kiatu" na "kifaranga", kisha anamtaka kila mmoja atunge sentensi kwa kutumia -angu na -potea. Wanafunzi wanapoandika, yeye anapita kati ya madawati akisoma madaftari.

Makosa yanayofanana, vyanzo tofauti

Sentensi sanifu ni "Kiatu changu kimepotea" na "Kifaranga wangu amepotea." Tuchukulie kwamba, pamoja na sentensi hizo, mwalimu anakutana na makundi matatu ya makosa.

Kundi la kwanza limeandika, "Kiatu yangu imepotea, kifaranga yangu imepotea." Hawa wanatumia upatanisho mmoja kwa nomino zote, kama usikikavyo katika mazungumzo ya kila siku ya miji mingi ya bara.

Kundi la pili limeandika, "Kiatu changu kimepotea, kifaranga changu kimepotea." Hawa wameishika kanuni na kuitumia kwa uaminifu, ila wanafuata umbo la nomino bila kuzingatia maana yake. Hawajajua kuwa viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA.

Kundi la tatu limeandika, "Kiatu changu kimepotea, kifaranga changu amepotea." Hawa wanajua suala la uhai, lakini wanalitumia kwenye kitenzi pekee na kusahau kivumishi kimilikishi.

Mwalimu akitazama alama za makosa tu, ataona kwamba makundi yote matatu yamekosea sentensi ya kifaranga. Akilirudia somo zima kutoka mwanzo, kundi la pili litaisikia tena kanuni ambayo tayari linaizingatia kupita kiasi. S. P. Corder, katika makala yake ya mwaka 1967, alisisitiza kuwa makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga akilini. Kwa mtazamo huo, kundi la pili limepiga hatua mbele ya kundi la kwanza. Mwanafunzi wa kundi hilo akichekwa, hujifunza kwamba kufuata kanuni ni hatari, na huenda asiinue mkono tena muhula mzima.

Hatua za kuchukua

Kundi la kwanza linahitaji mazoezi ya kusema na kuandika: kiti, kisu na kikombe katika umoja na wingi. Hapa mwalimu ajihadhari na mazoea ya kulaumu lugha ya mama kwa kila kosa. Gikuyu na Kikamba zina ngeli na upatanisho. Hivyo, mwanafunzi mwenye lugha hizo anaweza kuulizwa jinsi lugha yake inavyopatanisha maneno, akaona kuwa jambo hili si geni kwake. Mzungumzaji wa Dholuo, lugha isiyo na mfumo wa ngeli wa Kibantu, atahitaji msaada wa namna nyingine. Kundi la pili lipewe orodha yenye kipofu, kiongozi, kifaru na kisu, liigawe kwa kigezo cha uhai. Kundi la tatu lipigie mstari kila neno linalopaswa kupatana na nomino.

Wakati mwingine swali la mwanafunzi huvuka mipaka ya andalio. Mmoja anaweza kuuliza, "Mbona tunasema kijitoto kinalia, na mtoto ana uhai?" Swali hili ni dalili ya uelewa. Mwalimu alijibu kwa ufupi kwamba nomino katika hali ya udogo hufuata KI-VI, aliandike pembeni mwa ubao, kisha alipangie kipindi chake.

Yapo mapingamizi ya haki. Kipindi ni cha dakika 40, madarasa yamefurika na silabasi haina budi kumalizwa. Lakini zoezi lililoelezwa huchukua dakika 5, na mwalimu asiyeweza kusoma madaftari 60 anaweza kusoma 10 kutoka pande mbalimbali za darasa. Silabasi iliyomalizwa na mwalimu peke yake haijamfaidi mwanafunzi.

Hitimisho

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kwa majaribio nchini Kenya mwaka 2017, umeipa uzito tathmini inayofanyika wakati wa kujifunza. Hata hivyo, hakuna mtaala uwezao kumsomea mwalimu daftari la mwanafunzi. Walimu watarajiwa walioko vyuoni hufunzwa kuandika maandalio kwa ustadi. Wafunzwe pia kuyabadilisha kwa sababu zinazoelezeka. Anayejua kwa nini mwanafunzi ameandika "kifaranga changu" ndiye anayejua dakika zilizosalia azitumie vipi.