Somo la Afya: Jino Liking'oka Ufuoni

Wanafunzi wa udaktari wa meno huyarudia mambo haya kabla ya mtihani. Nasi wa Shelly Beach tuyarudie. Watoto wetu hucheza mpira mchangani, na hospitali kuu iko ng'ambo ya feri. Funika majibu kwa mkono, kisha jipime.

1. Meno ya utoto ni mangapi? Ni 20. Ya ukubwa ni 32.

2. Meno mawili ya mbele, juu, huota upya lini? Kwa kawaida miaka 7 hadi 8.

3. Jino la utoto liking'oka, lirudishwe? La! Utaumiza jipya lililo ndani ya ufizi.

4. Na la ukubwa? Usiguse mzizi. Lioshe mchanga upesi kwa maji safi, bila kusugua. Lirudishe mahali pake, mtoto aume kitambaa. Ikishindikana, litie katika maziwa.

5. Kwa nini maziwa? Mzizi una chembe hai, zikikauka, hufa. Foleni ya feri haimngojei mtu, lakini maziwa dukani yapo. Mfikie daktari kabla ya saa moja kupita.

Haya, sasa mfundishe jirani.