Kuku wa Mchana, Vitonge vya Jioni: Kijitabu cha Jamaa za Kasongo na Kabambare

Siku ya Idi, siku ya Noeli, siku mgeni anapofika kutoka Kindu, kuku huchinjwa. Watu wa nyumba wanamla mchana kwa bugali au wali, na ikifika jioni sufuria imebaki na shingo, mgongo, mabawa na mchuzi kidogo. Kijitabu hiki kinahusu sufuria hiyo. Mna chakula cha pili cha nyumba nzima ndani yake, vitonge vya unga katika mchuzi wa kuku, na hakichukui hata saa moja kupikwa. Lakini mna pia njia fupi ya kuharisha watoto usiku kucha. Yote hutegemea namna sufuria ilivyokaa kati ya saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni.

Moto hauondoi kila kitu

Katika nyumba nyingi watu husema kwamba chakula kilicholala kikichemshwa tena, ubaya wote umekwisha. Tunaomba mama na baba wa nyumba watusikilize vizuri hapa, kwa sababu neno hilo ni kweli nusu tu.

Moto mkali unaua vijidudu vingi. Lakini vipo vijidudu ambavyo, vikiachwa katika chakula vuguvugu, huzaana na kumwaga sumu yao humo humo, na sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha. Kimoja hutoka kwenye vidole vyenye kidonda au jipu, na kwenye pua. Kingine, kiitwacho Bacillus cereus, hukaa kwenye wali: mbegu zake hazifi mchele unapoiva, na wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi zinaamka. Mtu akila wali huo, hata uliopashwa moto hadi ukatoa mvuke, anaweza kuanza kutapika baada ya saa 1 mpaka 6. Kasongo ni nchi ya mpunga, na wali wa asubuhi kuachwa mezani hadi usiku ni jambo la kawaida. Wali huo usitiwe katika mchuzi wa jioni.

Harufu na ladha havitoshi kukuonya. Chakula chenye sumu hiyo kinaweza kunukia vizuri kabisa.

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae katika joto la nyumba zaidi ya saa 2, na cha kula moto kikae juu ya nyuzi 60. Nyumba nyingi za kwetu hazina frigo, na hata penye frigo umeme hauna uhakika. Kwa hiyo ushauri wetu ni mmoja: mabaki ya kuku wa mchana yaliwe jioni ya siku ileile, na mpaka wakati huo yasiachwe yapoe.

Kuihifadhi sufuria mchana kutwa

Kazi huanza kabla ya watu kuosha mikono waje kula. Nyama ya jioni itengwe kwanza, kwa kijiko safi, ibaki sufuriani. Kilichokwisha kuguswa katika sahani, kipande kilichomegwa, mfupa ulioguguniwa, hakirudi tena katika sufuria.

Kisha chemsha sufuria hadi itokote kwa nguvu, ifunike, uiache juu ya mbabula penye makala machache yaliyofunikwa majivu. Kama makala ni haba, njia ya kikapu hufaa: sufuria inayotokota inafunikwa vizuri, inaingizwa katika kikapu chenye majani makavu ya mgomba au vikwembe vizee, na inazungushiwa pande zote, chini na juu. Sufuria iliyojaa hutunza joto kuliko yenye mchuzi wa vidole viwili, basi ongeza maji kabla ya kuichemsha. Kila baada ya saa 2 hivi gusa ubavu wake. Ikiunguza mkono kiasi cha kukufanya uuondoe mara moja, bado iko salama. Ikiwa imeanza kuvumilika, irudishe motoni saa hiyo hiyo mpaka itokote. Usiifungue fungue kuonja.

Sufuria iliyosahauliwa mezani tangu mchana, ikapoa, ikakaa hivyo mpaka jioni, haifai tena, na tunajua uchungu wa kusema hivyo katika nyumba ambayo kuku ni jambo la nadra. Baba anayerudi usiku kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila na kukuta sahani yake imefunikwa tangu saa saba yuko katika hatari hiyo hiyo. Afadhali atengewe unga na lengalenga mbichi, vipikwe akifika.

Kuku aliyekufa mwenyewe hapikwi wala mchana wala jioni. Waislamu wa Kasongo wanajua tangu zamani kwamba nyamafu hailiwi; kwa upande wa afya pia, hakuna ajuaye kilichomuua kuku yule. Wakati ugonjwa unapita kijijini na kuku wanaanguka kwa makundi, wazikwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Unga wa vitonge

Vitonge hufanywa kwa unga wa mahindi na wa muhogo. Mahindi peke yake humomonyoka katika mchuzi, muhogo ndio unaoshika. Lakini muhogo tunautazama kwa makini.

Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi. Mababu waliupatia dawa: kuuloweka majini siku 3 au zaidi hadi ulainike, kisha kuuanika juani hadi ukauke kabisa. Njaa inapobana, au mnunuzi anaposubiri sokoni, watu huuloweka siku moja tu, na sehemu ya sumu hubaki katika unga. Huko Kahemba, mkoani Kwango, kufupisha siku za kuloweka kumeleta konzo, ugonjwa unaofanya miguu ikakamae na kupooza ghafla, wala haurudi nyuma. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Hapa ndipo kipande kidogo cha kuku kinapofanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Mwili una njia yake ya kuivunja sianidi, na kwa kazi hiyo unahitaji salfa, ambayo huipata katika protini: nyama, samaki, mayai, kwa kiasi fulani maharagi. Mwenye kula muhogo kila siku bila vitu hivyo hana cha kujikingia. Ndiyo maana hatutaki mchuzi ule umwagwe ovyo, na ndiyo maana tunataka ufike kwa kila mtu nyumbani. Hata hivyo nyama haichukui nafasi ya kuloweka. Siku 3 zibaki siku 3.

Kupika

Kwa watu 6 au 7: mabaki ya kuku na mchuzi wake, maji safi kiasi cha lita 2, kitunguu, nyanya 2, fungu la lengalenga, vijiko 2 vya mafuta ya mawese, chumvi yenye iodini. Unga wa mahindi gobeleti 2, wa muhogo gobeleti 1.

Osha mikono kwa sabuni, au kwa majivu na maji ya kutosha kama sabuni imekwisha. Tia maji katika sufuria ya kuku, uichemshe kwa moto mkali dakika 10, itokote katikati na si pembeni tu. Toa vipande, chambua nyama kwa uma na kisu safi, uondoe kila mfupa, hasa vile vijiti vyembamba vya mabawa na mbavu vinavyoweza kumkaba mtoto. Rudisha nyama, ongeza kitunguu na nyanya.

Changanya unga wa aina mbili katika beseni na chumvi kidogo. Mwagia maji yanayotokota kidogo kidogo, gobeleti 1 na nusu hivi, huku ukikoroga kwa mwiko. Yakiwa vuguvugu tu, unga haushikani. Ukipoa kiasi cha kuguswa, ukande, ufinyange vitonge vya ukubwa wa tunda la mchikichi. Vikizidi hapo vitaiva nje na kubaki vibichi ndani.

Vitie katika mchuzi unaotokota, kimoja kimoja, usikoroge dakika 2 za kwanza. Funika, punguza moto, acha dakika 15. Kata kimoja: kama katikati hamna weupe wa unga mkavu, vimeiva. Lengalenga iliyokatwa iingie dakika 5 kabla ya kuepua, na mawese pamoja nayo. Mawese yasiunguzwe kwanza mpaka yakawa meupe, maana wekundu ule ndio unaompa mtoto vitamini A ya macho na ya kinga. Kaleni mara moja.

Nani apewe nyama

Kwa desturi firigisi na paja humfuata baba na mgeni. Hatuji kuvunja heshima ya mtu, lakini mchuzi huu wa jioni nyama yake imechambuliwa, na imechambuliwa ili igawike. Mama mja mzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wapate sehemu yao kabla sahani kubwa haijapita.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe kitonge kimoja na nyama laini na mchuzi, uji mzito usiodondoka kwenye kijiko, na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Apewe katika sahani yake mwenyewe. Akila katika sahani moja na kaka zake wakubwa, hushindwa mbio. Kitonge kizima asipewe, kinaweza kumkaba. Watu wa mradi wa afya wa Kasongo, waliofanya kazi hapa katika miaka ya 1970 na 1980, walipima watoto wetu uzito, urefu na mzunguko wa mkono. Leo utepe wa mkono uko katika vituo vya afya: mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mkono wake uko chini ya milimita 115, penye rangi nyekundu, anahitaji matibabu ya utapiamlo, wala sahani ya nyumbani peke yake haitoshi.

Tumbo likiharibika

Anayehara apewe maji ya SRO, yale ya paketi ya kurudisha maji mwilini, tangu choo cha kwanza cha maji. Kama paketi haipo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, chumvi isizidi. Anywe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena polepole.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja kesho ukiona damu chooni, macho yaliyozama, mtoto anayelegea au asiyeweza kunywa, kutapika kila kitu, au choo cheupe kama maji ya mchele, kwa maana hiyo inaweza kuwa kipindupindu. Mtoto anayehara apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6. Vidonge viishe vyote hata kama kuhara kumekatika siku ya pili, na titi asinyimwe.